Barua ya wazi kwa wasimamizi wa laibrari: kontena la mtoto linatumika, ila nyie mlipo hamlioni

Moshi, Kilimanjaro

Kwa wasimamizi wa laibrari yetu (programu iliyoandikwa tayari, madivelopa tunaitumia ndani ya mifumo yetu) ya dipendensi injekshen,
Arusha.

YAH: KUONDOLEWA KWA KONTENA LA MTOTO KWENYE VESHENI YA 4

Wakuu, salaam. Poleni na majukumu.

Jina la laibrari silitaji humu na majina yenu pia siyataji, wanaoitumia wameshajua naongelea nini na wasioitumia haiwasaidii kitu, sina nia ya kumchafua mtu hapa. Kabla ya kuja huku hadharani nilipita njia zote za ndani na nyie mnajua. Mwezi wa pili nilifungua tiketi (ripoti ya tatizo) kwenye mradi wenu, ikakaa siku 30 bila mtu kuigusa, roboti lenu likaifunga. Nikaifungua tena, likaifunga tena. Nikaandika kwenye grupu nikajibiwa "tumeiona mkuu" na kidole gumba. Mwezi wa nne nikapanda Coaster kutoka hapa Moshi mpaka Arusha, kilomita kama 80 hivi na mvua ilikuwa inapiga kuanzia Boma Ng'ombe, nikakutana na wawili wenu tukala ndizi nyama, tukaongea mpira, tukacheka sana, na wakati wa kuagana nikaambiwa "tutaliangalia hilo". Wiki mbili baadaye beta (toleo la majaribio) ya vesheni ya 4 ikatoka, kontena la mtoto halipo. Basi ndo maana naandika hapa.

Kwa ambao hawajui tunaongelea nini, nieleze kidogo, wanaojua waruke aya mbili.

Dipendensi injekshen ni kwamba klasi yako (kipande kimoja cha programu) haijitafutii yenyewe vitu inavyovihitaji, inapewa. Klasi ya malipo inahitaji databesi na kitu cha kutuma SMS, haiendi kuviunda, inasema tu navihitaji na kontena linailetea. Jina hilo lilisambaa baada ya Martin Fowler kuandika makala yake Januari 2004, ingawa watu walikuwa wameshaanza kufanya hivo kabla, Spring, fremuweki ya lugha ya Java, walikuwa tayari njiani. Kontena ndo linalojua nani anahitaji nini na nani anaundwa mara moja tu kwa mfumo mzima, yaani singletoni.

Kontena la mtoto sasa. Chukulia kihamba (shamba la ukoo) cha Mchaga. Baba ana kihamba, mfereji unapita, migomba ipo, kahawa ipo. Kijana akioa anapewa kipande anajenga nyumba yake humohumo. Ana jiko lake, ana mlango wake, chumvi yake anaweka anavyotaka yeye, lakini maji anachota mfereji uleule wa baba. Hilo ndo kontena la mtoto: linarithi kila kitu cha mzazi, halafu vile vichache ambavyo linataka tofauti linavisajili kwake na vinalihusu lenyewe tu, jirani hasikii kitu. Siyo kitu cha ajabu mlichobuni nyie peke yenu. Guice, laibrari ya Google ya kazi hiihii, wanayo injekta ya mtoto tangu vesheni ya 2.0 ya mwaka 2009. Spring konteksti (ndo wanavyoliita kontena) inaweza kuwa na mzazi, na kila aliyewahi kufanya Spring MVC ya zamani, ile ya kutengeneza tovuti, alikuwa na konteksti ya mtoto ndani ya dispacha bila hata kujua.

Mi natengeneza mfumo wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima) za kahawa. Nina AMCOS 23, nyingi za huku Kibosho, Uru, Machame, na chache za Arumeru. Mfumo ni mmoja, seva moja, databesi moja. Lakini kila AMCOS ina mambo yake. Huyu anapokea kahawa mbivu kwa sababu ana CPU (na CPU ya huku siyo unayoijua wewe, ni mtambo wa kumenya kahawa), yule anapokea iliyokauka. Huyu anakata deni la pembejeo kwenye malipo ya awali, yule anasubiri malipo ya pili baada ya mnada. Huyu ana mchango wa shule, yule ana mchango wa mfereji. Kwa hiyo kila AMCOS ina kontena lake la mtoto, ndani yake kuna vitu kama sita tu vya kwake, kikokotoo cha makato, sheria za mzani, muundo wa risiti, na kadhalika, vingine vyote vinatoka kwa mzazi. Mwaka wa nne sasa. Sijawahi kuamka usiku kwa ajili ya kontena.

Malalamiko yangu haya hapa.

1. Mmesema "hakitumiki", mmepima wapi?

Kwenye tangazo lenu la kuliondoa mmeandika mmetafuta kwenye kodi za wazi mkakuta miradi minne tu inaita kontena la mtoto. (Kodi ya kompyuta, siyo ya TRA, maana ukiandika neno hili siku hizi watu wanashtuka.) Miradi minne, na miwili kati ya hiyo ni mifano yenu wenyewe.

Sasa nani anayetumia kontena la mtoto? Ni mtu mwenye mfumo mmoja unaohudumia wateja wengi tofauti. SACCOS, AMCOS, shule, zahanati. Mtu wa namna hiyo kodi yake haiweki wazi, ni biashara yake, na pengine mkataba wake unamkataza. Anayeweka kodi wazi ni mwanafunzi anayejifunza, na yeye ana kontena moja, atataka la mtoto la nini? Kwa hiyo mmechungulia sebuleni mkaona hamna moshi mkasema nyumba hii hawapiki, wakati jiko liko uani. Mimi peke yangu naijua mifumo mitatu hapa Moshi na mmoja Njiro huko kwenu Arusha, mnaweza kwenda kwa mguu.

Halafu kuna hili ambalo limenikera zaidi kuliko namba yenyewe. Kipengele kuandikwa mara chache kwenye kodi siyo sawa na kutumika kidogo. Kwenye kodi yangu neno la kuunda kontena la mtoto limeandikwa mara moja tu. Mstari mmoja. Ukihesabu mistari mi ni mtumiaji mdogo kabisa. Lakini huo mstari mmoja ndo umebeba AMCOS zote 23, ukiutoa nyumba nzima inakaa chini. Kuna kanuni inaitwa ya Hyrum, ya Hyrum Wright aliyekuwa Google, kwamba ukishakuwa na watumiaji wa kutosha basi haijalishi uliahidi nini, kila tabia ya mfumo wako inayoonekana kuna mtu ameitegemea. Na hapa hata siyo tabia ya kuvizia, ni kitu mlichokiandikia ukurasa mzima wa maelezo na mifano, mimi nilikitoa kwenye ukurasa wenu.

2. Beta haikuvunjika, ilidanganya

Hili ndo hasa lililonifanya niandike, naomba mlisome taratibu.

Mngekifuta kipengele moja kwa moja, kodi yangu isingejengeka, ningepata maandishi mekundu, ningelalamika kidogo na kutukana kimoyomoyo nikajua pa kuanzia. Nyie hamkufanya hivo. Mliiacha ile methodi (amri) ya kuunda kontena la mtoto ipo palepale, jina lilelile, "ili watu wasivunjikiwe", lakini ndani mkaifanya irudishe kontena la mzazi lenyewe. Yaani naomba mtoto napewa baba. Kodi inajengeka, testi ndogondogo zinapita zote kijani maana kila moja inaunda AMCOS moja tu, mfumo unawaka. Kwenye logi (daftari la matukio ya mfumo) hamna hata mstari mmoja wa onyo, nimetafuta.

Sasa fikirini kinachotokea. AMCOS ya kwanza inasajili kikokotoo chake, kinaingia kwa mzazi. Ya pili inasajili chake, kinafuta cha kwanza. Mpaka ya 23. Anayesajili mwisho ndo mshindi, na wote 23 sasa wanakatwa makato ya AMCOS moja, ile iliyopakiwa mwisho.

Bahati nilikuwa kwenye seva ya majaribio. Nilikuwa nimemwita mtunza vitabu wa AMCOS moja ya Kibosho aje aangalie risiti mpya, mzee wa watu, anavaa miwani miwili kwa kupokezana, moja ya karibu moja ya mbali. Nikamchapia risiti ya mkulima wa mfano, kilo 40. Akaiangalia. Akabadilisha miwani. Akaniambia, "Kijana wangu, hii siyo sisi. Sisi hatukati hela ya mfereji." Nikamwambia mzee hebu angalia vizuri. Akasema "naangalia vizuri, sisi tunakata 60 kwa kilo, hapa mmekata 95." Nikarudi kwenye kodi nikakaa mpaka saa nne usiku natafuta kosa langu, kwa sababu mtu wa kwanza unayemshuku ni wewe mwenyewe, sikuwaza kwamba kontena linaweza kunidanganya.

Tofauti ni 35 kwa kilo, kwa kilo 40 ni shilingi 1,400. Kwa mtu wa Dar labda ni nauli. Lakini huyo mkulima risiti anaitunza kwenye Biblia, na AMCOS ni kitu ambacho watu wa huku wana historia nacho ndefu, KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ilianza 1933, na kabla yake kulikuwa na chama cha wakulima wa kahawa cha 1925, watu wameshapigana na makato tangu babu zao. Ukimkata mtu 1,400 kwa kosa la kompyuta hakuelewi, na wala hapaswi kukuelewa. Kikao cha AMCOS kingeniita mimi, siyo nyie.

Kwa hiyo hata kama mambo mengine yote kwenye barua hii mtayakataa, hili msilikatae. Methodi isiyofanya kazi tena ipige kelele ife. Isijifanye mzima.

3. Mbadala mnazotupa hazitoshi

Kwenye tangazo mmetupa mbadala mbili kwa mistari mitatu. Ya kwanza mmesema kila mteja awe na kontena lake kamili. Haya tupige hesabu. Kontena kamili linaunda singletoni zake zote upya, pamoja na puli (fungu la kutumia kwa zamu) ya konekshen za databesi. Kwa puli mi natumia HikariCP, ukiiacha bila kuigusa puli moja inafika konekshen 10. AMCOS 23 mara 10 ni 230. PostgreSQL, ndo databesi yangu, ukiiacha bila kuigusa inapokea konekshen 100, na 3 kati ya hizo zimewekewa mkuu wa databesi, kwa hiyo mnabaki na 97. Mfumo hauwaki.

Najua kuna mtu hapo keshasema punguza puli iwe 4. Nimefanya. 23 mara 4 ni 92, inaingia, zinabaki 5 za bakapu, ripoti, na mimi nikitaka kuchungulia. Halafu kuna AMCOS mbili zinaingia mwezi ujao, 25 mara 4 ni 100. Tumerudi palepale. Ongeza basi kikomo cha PostgreSQL? Kila konekshen kwa PostgreSQL ni prosesi inayojitegemea, na seva yangu ina memori ya giga 4 ambazo analipia mkulima wa kahawa.

Mwingine atasema chukua puli moja uishike nje uiingize kwa mkono kwenye kila kontena. Sawa, kwa puli itakubali. Ila puli siyo peke yake, nina singletoni zaidi ya mia za kushirikiana, keshi, kitu cha SMS, kisaini cha risiti, na zenyewe zinategemeana. Nikianza kuziunda nje kwa mpangilio sahihi na kuziingiza moja moja kwa mkono, nitakuwa nimeandika kontena la mtoto upya, langu, baya kuliko lenu. Kazi hiyo ndo iliyonifanya nichukue laibrari siku ya kwanza.

Mbadala ya pili, ya kupitisha namba ya AMCOS kama parameta na kutumia klasi kiwanda (zinazounda vitu vingine) kila mahali, sitaijibu kwa urefu. Inawezekana. Inamaanisha kila klasi kwenye mfumo ijue kuna AMCOS, hata ile inayochapa tarehe.

4. Muda

Onyo la kustaafisha, yaani kwamba kipengele kitaondolewa, limeingia vesheni ya 3.8, kwenye orodha ya mabadiliko, mstari wa kumi na saba, kati ya "tumerekebisha kosa la tahajia" na "tumepandisha vesheni ya testi". Vesheni iliyofuata ni 4. Na mmetangaza 4 kamili inatoka Septemba. Wakuu, nyie ni watu wa Arusha, mnajua Septemba huku kuna nini. Kahawa inaanza kuchangamka Julai inakwenda mpaka karibu na Disemba, Septemba mizani haipumziki, hakuna mtu mwenye akili anayegusa mfumo wa malipo mwezi huo.

Java yenyewe tangu vesheni ya 9 wana njia ya kuweka alama kwamba hiki kitaondolewa kweli, siyo kustaafishwa kwa jina tu, na kompaila inakupigia kelele. Apleti (programu ndogo za Java za ndani ya brauza) zilipigwa alama ya kustaafu 2017, alama ya kuondolewa ikaja 2021 na Java 17, na hata hapo zilikuwa hazijatolewa, na hizo ni apleti ambazo brauza zenyewe zilishazisahau. Siombi miaka minne. Naomba zaidi ya vesheni moja.

5. Hatuwezi kubaki nyuma

"Si ubaki vesheni ya 3?" Ningebaki kwa furaha. Lakini kwenye tangazo hilohilo mmesema marekebisho ya usalama kwa vesheni ya 3 yanakoma siku 4 inapotoka. Kwa hiyo hamjaniachia chaguo, mmenipa milango miwili na mmoja mmeupiga msumari.

Sasa najua mtakachosema, na nikiwa mkweli baadhi yake mna haki.

Mtasema kipengele hiki kinawasumbua kukitunza. Nakubali. Nimesoma kodi yenu, siyo kwa kusimuliwa. Kila mtu akiomba kitu, hata asiye na kontena la mtoto, utafutaji unapita kwenye ile njia ya kumuuliza mzazi. Na ule utata wa kitu ambacho hakijasajiliwa na kinaundwa papo kwa papo, je kikae kwa mtoto au kwa mzazi, hata Guice wamelazimika kuuandikia maelezo marefu. Na kuna ile bagi (kosa) ya memori, mzazi kuendelea kumshika mtoto aliyekwisha kufungwa, mimi ndo niliyeiripoti. Sijasema ni kipengele kizuri. Nimesema kinafanya kazi ambayo hakuna kingine kwenye laibrari hii kinaifanya.

Mtaniambia Log4j, ile laibrari ya Java ya kuandika logi. Hii ni hoja nzito na sitaki kuikwepa. Disemba 2021 dunia nzima ilikesha kwa sababu ya kipengele ambacho watu wengi hata hawakujua kipo, ule utafutaji wa JNDI (njia ya Java ya kutafuta vitu kwa jina, hata seva ya mbali), kiliingia 2013, kikakaa humo miaka minane, na mmoja wa watunzaji wake alisema wazi wakati ule kwamba hawakukipenda, walikiacha kwa ajili ya watu wa vesheni za zamani. Kwa hiyo ndio, kipengele kisichotumika sana kinaweza kuwa mlango wa mwizi na mtunzaji ana haki ya kuogopa. Ila angalieni Log4j kilikuwa kinafanya nini: maandishi ya mtu yeyote wa nje yakiandikwa kwenye logi yanaweza kwenda kuvuta kodi kutoka seva ya mbali. Kontena la mtoto halisomi kitu chochote kutoka nje. Nikiliita nimeliita mimi, ndani ya kodi yangu. Kama kuna hatari ya usalama mnayoijua na mimi siijui, iandikeni, nitanyamaza siku hiyohiyo na nitawasaidia kulitoa. Mpaka sasa hamjaitaja.

Mtasema namba ya kwanza ikipanda mnaruhusiwa kuvunja, ndo kanuni ya vesheni. Ni kweli, SemVer (ndo jina la kanuni hiyo) inasema hivo. Inawaruhusu kubomoa mlango. Sidhani kama inawaruhusu kubomoa mlango halafu mkauchora ukutani.

Mtasema laibrari ni ya bure na nyie mnafanya kazi usiku baada ya kazi zenu. Hapa sina jibu, nasema asante tu. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, na nyie haki yenu ni kwamba nimekula kupitia kazi yenu miaka minne bila kulipa senti. Ndo maana kila tiketi niliyofungua niliambatanisha kiraka (marekebisho ya kodi), na cha bagi ya memori mlikipokea. Siji na mikono mitupu.

Na kuna atakayesema "si uiforki", yaani ninakili kodi niendelee nayo kivyangu. Naweza. Halafu tutakuwa na laibrari mbili za madivelopa wa kaskazini, zote zina watunzaji wawili wawili waliochoka.

Ninachoomba, na nimejitahidi kiwe kitu kinachowezekana:

Kwanza, kabla ya chochote kingine, ile methodi kwenye beta ya 4 isirudishe mzazi. Ama iondoke kabisa, ama irushe kosa lenye maneno yanayoeleweka. Hii ni mistari miwili na naomba itoke wiki hii, kwa sababu kuna watu saivi wamepakua beta na hawana mzee mwenye miwani miwili.

Pili, kontena la mtoto litoke kwenye kiini, sawa, nimekubali litoke. Lakini liwe moduli ya pembeni. Kinachohitajika kwenye kiini ni tundu dogo moja, pale utafutaji unaposhindwa kupata kitu umuulize mtu wa nje kabla ya kurusha kosa. Nimeshaliandika, kiini kinapungua mistari badala ya kuongezeka, na asiyetumia halimgusi. Moduli hiyo nitaitunza mimi, jina langu liwekwe, tiketi zake zije kwangu. Spring Boot, ndugu yake Spring, walifanya kitu cha kufanana Novemba 2021 kwenye 2.6, walikataza huduma kutegemeana kwa mduara lakini waliacha swichi moja ya kuruhusu kwa ambao hawajawa tayari.

Tatu, marekebisho ya usalama ya vesheni ya 3 yaendelee miezi 12 baada ya 4 kutoka. Ya usalama tu, siombi vingine.

Nne, tarehe isogee mpaka Januari. Kama haiwezekani basi hii ya nne naiacha, mradi hizo tatu zimekubaliwa.

Tano, siku nyingine mkitaka kutoa kitu, wekeni kwenye vesheni ya kabla yake mstari mmoja kwenye logi wakati mfumo unawaka, "kipengele hiki kitaondoka, kama unakitumia tuandikie hapa". Utaonekana mara moja kila mfumo ukiwashwa. Mtajua kuna watu wangapi kwa wiki mbili, na hamtahitaji kuchungulia sebuleni kwa mtu.

Nawaomba majibu ya maandishi kabla ya mwisho wa mwezi wa sita, kwa sababu Julai mi sitakuwa na muda wa kugusa kitu zaidi ya mizani na risiti. Jibu likiwa hapana nalo ni jibu, nitajipanga, nitabaki 3.8 msimu huu na kujitunzia kiraka changu, na nitawaambia wale wengine watatu wa Moshi na yule wa Njiro wafanye hivohivo ili tusihangaike kila mtu kivyake.

Tiketi nimeifungua tena leo asubuhi. Pul rikwesti (ombi la kuingiza kodi yangu) ya moduli ya pembeni ipo, testi zimepita, na nimeongeza testi moja inayounda AMCOS mbili kwa pamoja, kilo 40 kila moja, moja inakata 60 na nyingine 95. Kwenye beta yenu inafeli. Iendesheni wenyewe, inachukua kama sekunde tatu.

Wenu katika kazi,

Divelopa wa mfumo wa AMCOS,
Moshi.

Nakala: madivelopa wote wanaotumia laibrari hii na hawajaijaribu beta. Msiiweke laivu kwanza.